Tupeane uzoefu: faili lako la kwanza kwenye kliniki ya sheria

Wakuu, naomba wale mlioshika faili la mteja mkiwa bado wanafunzi, kwenye kliniki ya sheria ambako wanafunzi huhudumia wateja halisi chini ya msimamizi, mtusimulie.

Naanza mimi. Mwaka wa tatu sheria ya mikataba nilikuwa nayo kichwani yote. Siku yangu ya kwanza akaja mama mmoja na mfuko uliojaa karatasi. Akaanza na ugonjwa wa mumewe, akahamia kwa shemeji, akarudi kwenye nyumba. Nilimkatiza mara tatu nikitafuta hoja. Alipotoka, msimamizi akaniuliza swali moja: notisi ya kuhama aliipata lini? Sikujua. Notisi ilikuwa ndani ya ule mfuko, na zilibaki siku nne za kujibu. Tulimpigia jioni ileile. Tangu hapo namwacha mteja amalize, kisha tunazipanga karatasi mezani kwa tarehe.

Jerome Frank, mwanasheria wa Marekani, alilidai hili tangu 1933: mwanasheria afundishwe mbele ya mteja, kama daktari anavyofundishwa mbele ya mgonjwa. Mfumo wa kusoma hukumu za rufaa, ulioletwa na Langdell aliyekuwa mkuu wa shule ya sheria ya Harvard, Marekani, ulianzia huko miaka ya 1870, na mpaka leo ndio unaotutawala darasani. Lakini hukumu ya rufaa inakufikia mambo yakiwa yameshachujwa. Mteja anakuja na yote.

MCHANGIAJI 1
Umenikumbusha mbali. Barua yangu ya kwanza ya madai ilirudishwa mara sita. Msimamizi aliandika pembeni: "Mteja wako ataielewa?" Nikafuta Kilatini chote.

MCHANGIAJI 2
Sisi tuliishia mahakama ya kuigiza. Tusiibeze, ilinitoa woga wa kusimama na kujibu maswali ya jaji. Ila pale ukishindwa hakuna anayelala nje.

MCHANGIAJI 3
Langu bado linaniuma. Muhula uliisha, tukaenda likizo, faili la mteja wetu likabaki kabatini bila kukabidhiwa kwa mtu. Alikuja kuulizia, hakukuta hata mmoja anayemfahamu. Kalenda ya chuo na kalenda ya mahakama haziendi pamoja, na hilo hatukuambiwa na mtu. Siku hizi nasimamia wanafunzi. Simpi alama yeyote kabla hajaandika maelezo ya makabidhiano: shauri limefikia wapi, tarehe ipi inafuata, mteja ameahidiwa nini.

MCHANGIAJI 1
Pole mkuu. Yule mteja mlimpata baadaye?

MCHANGIAJI 3
Tulimpata. Muda wa kukata rufaa ulikuwa umeshapita.