Madeni hewa ya Australia: wanyonge walidaiwa, wakubwa wakalindwa

Ndugu wanajukwaa,

Nimechoka kusoma maandiko ya watu wanaoitaja Australia kama nchi ambayo kiongozi akikosea anawajibika, mahakama ikisema serikali inatii, na mnyonge akidhulumiwa anarudishiwa haki yake. Mimi naishi huku na kodi yangu nailipa huku, na naandika kwa hasira kwa sababu suala la Robodebt, yaani mpango wa serikali wa kuwadai watu madeni yaliyokokotolewa na kompyuta, ambalo kila mtu mzima wa nchi hii analijua, halifanani kabisa na sifa hizo.

Kwa wasiolifahamu, nieleze lilivyokuwa. Centrelink ni ofisi ya serikali kuu inayolipa posho za watu wasio na ajira, wanafunzi, wagonjwa na wazazi wenye kipato kidogo. Anayepokea posho ya kutafuta kazi huripoti kila wiki mbili amepata shilingi ngapi kwa vibarua alivyofanya, na posho yake hupunguzwa kulingana na alichopata. Mwaka 2015 serikali ya muungano wa Liberal na National, ikiwa inasaka fedha za kuziba pengo la bajeti, iliamua kuchukua taarifa za mapato ya mwaka mzima kutoka Mamlaka ya Kodi, kuyagawanya kwa wiki mbili mbili 26 zilizo sawa, na kuyalinganisha na kile ambacho mtu aliripoti. Tofauti yoyote ilihesabiwa kuwa deni.

Chukueni mfano wa mtu aliyepata dola 26,000 kwa kufanya kazi miezi sita ya kwanza ya mwaka, kisha akaachishwa kazi na kwenda Centrelink miezi sita iliyobaki, akiripoti kwa ukweli kwamba hana kipato. Hesabu ya kompyuta inasema alikuwa akipata dola 1,000 kila wiki mbili kwa mwaka mzima, kwa hiyo alidanganya na sasa anadaiwa. Mwanafunzi wa darasa la sita angeliona kosa hilo. Wengi wetu tuliofika huku kutoka Kongo, Burundi na kwenye kambi za wakimbizi za Tanzania na Kenya tumeanzia kwenye kazi za aina hiyo hiyo, machinjioni, mashambani kuchuma matunda, au kwenye nyumba za kutunzia wazee, ambako wiki hii unaitwa siku nne na wiki ijayo huitwi kabisa. Mpango huu ulikuwa umetengenezwa kumnasa mtu wa namna hiyo, huku mwenye mshahara usiobadilika akipita salama.

Kabla ya hapo, tofauti ya takwimu ilikuwa dalili tu, na mtumishi wa umma alilazimika kumpigia mwajiri simu, kuomba kumbukumbu na kuhakiki kabla ya kumdai mtu chochote. Kesi zilizoshughulikiwa kwa njia hiyo zilikuwa kama 20,000 kwa mwaka. Kuanzia nusu ya pili ya 2016, barua zilifikia 20,000 kwa wiki, kwa sababu kazi ya kuhakiki ilitupwa mabegani mwa anayedaiwa. Yeye ndiye aliyetakiwa kutafuta hati za mshahara za miaka mitano au sita iliyopita, kutoka kwa waajiri ambao wengine walishafunga biashara, na akishindwa deni linasimama, linaongezewa adhabu ya asilimia 10, linapelekwa kwa kampuni binafsi za kukusanya madeni, na marejesho yake ya kodi yanakamatwa. Huko nyumbani tunalalamika kuhusu wafanyakazi hewa; hawa walibuni madeni hewa, na wakayakusanya kweli kweli.

Jambo linalonifanya nishindwe kuiita hii bahati mbaya ya kiutendaji ni kwamba walionywa mapema. Mwaka 2014, kabla mpango haujafika Baraza la Mawaziri, wanasheria wa Wizara ya Huduma za Jamii waliandika kwamba kugawanya mapato kwa wastani namna hiyo hakuendani na sheria. Onyo hilo likafifishwa kadiri nyaraka zilivyopanda ngazi. Mwaka 2017 Terry Carney, profesa wa sheria aliyekuwa mjumbe wa baraza la rufaa za kiutawala, aliamua mara tano kwamba madeni ya aina hii hayana msingi wa kisheria. Serikali haikukata rufaa hata mara moja, na kwa kuwa haikukata rufaa, maamuzi hayo hayakuchapishwa na umma haukujua. Mwaka huo huo mkataba wa Carney ulipoisha haukuongezwa. Kampuni ya ushauri ya PwC nayo ilikubaliwa malipo ya karibu dola milioni moja kuutathmini mpango, na ripoti yake ya mwisho haikuwahi kukabidhiwa. Naomba msome sentensi hiyo tena, kisha mfikirie mama anayeishi kwa posho aliyekuwa akifuatwa kwa dola mia chache.

Vyombo vya habari navyo siwezi kuviacha. Australia ina desturi kongwe ya kumchora mpokea posho kama mvivu anayekula jasho la wenzake, na magazeti ya udaku pamoja na vipindi vya jioni vya televisheni vimeishi kwa simulizi hiyo tangu miaka ya 1970. Desemba 2016 Alan Tudge, waziri aliyesimamia Centrelink, alikwenda kwenye kipindi cha A Current Affair na kuwatangazia watu kwamba watatafutwa, watapatikana, watalipa, na huenda wakaishia gerezani. Malalamiko yalipozidi mwanzoni mwa 2017, ofisi yake ikaanza kupeleka taarifa za watu waliolalamika kwa magazeti iliyoyaona kuwa rafiki, na mwanamke aliyeandika makala gazetini kuhusu alivyosumbuliwa akajikuta taarifa zake za faragha zimetumika kumjibu hadharani. Baadaye Tume ya Kifalme, yaani tume huru iliyoundwa kuchunguza mpango huu, ilisema wazi kwamba waziri huyo alitumia vibaya madaraka yake. Haki inanilazimu kukiri kwamba walikuwapo waandishi, hasa wa The Guardian na The Saturday Paper, walioifuatilia habari hii miaka mingi, na raia wa kujitolea wa NotMyDebt waliokusanya ushuhuda wa waathirika wakati wakubwa wakiwaita waongo. Lakini kwa watazamaji wengi wa jioni, mwizi alikuwa ameshatajwa, naye ni maskini.

Mwisho wake kisheria ulikuja Novemba 2019, pale serikali ilipokubali mbele ya Mahakama ya Shirikisho kwamba deni la mlalamikaji mmoja halikuwa halali. Mei 2020, siku ya Ijumaa alasiri, ikatangaza kurejesha dola milioni 721 kwa watu wapatao 373,000. Novemba mwaka huo, kesi ya pamoja ya waathirika ilipokuwa karibu kuanza kusikilizwa, ikakubali kumaliza shauri kwa jumla ya takriban dola bilioni 1.8, zikiwamo dola milioni 112 za fidia, bila kukiri kwamba ilijua madeni hayo si halali. Waswahili wanaita hiyo funika kombe mwanaharamu apite. Jaji Bernard Murphy, alipoidhinisha makubaliano hayo Juni 2021, aliliita jambo zima sura ya aibu katika usimamizi wa hifadhi ya jamii. Septemba 2025 serikali ikakubali kuongeza fidia ya dola milioni 475. Fedha zote hizo zinatoka kwenye kodi zetu, zikiwamo kodi za hao hao walionyanyaswa, na mpango ulibuniwa eti kuokoa fedha za umma.

Tume ya Kifalme chini ya Catherine Holmes ilitoa ripoti yake Julai 2023. Ina kurasa 990 na mapendekezo 57, na inauita mpango huo katili, usio wa haki wala wa halali, uliowafanya watu wajione wahalifu. Tume ilisikia ushahidi wa akina mama ambao vijana wao walijiua wakiwa wanadaiwa. Ilisikia pia Stuart Robert, aliyekuwa waziri, akieleza kwamba alitoa hadharani takwimu ambazo yeye mwenyewe hakuziamini, kwa sababu mshikamano wa Baraza la Mawaziri ulimtaka autetee mpango. Mtu anatetea uongo dhidi ya mamia ya maelfu ya raia, kisha anauita nidhamu ya kazi!

Sasa tazameni waliowajibika. Scott Morrison, aliyeupeleka mpango Baraza la Mawaziri akiwa Waziri wa Huduma za Jamii, alikuwa Waziri Mkuu kufikia 2018. Tume iliposema kwamba aliliacha Baraza lipotoshwe, alisimama bungeni akaikataa kauli hiyo, na mwaka uliofuata akaondoka kwa hiari yake. Kathryn Campbell, katibu mkuu wa wizara iliyoutekeleza, alipewa na serikali ya chama cha Labor mwaka 2022 wadhifa wa ushauri kuhusu nyambizi za AUKUS, mkataba wa ulinzi wa Australia, Uingereza na Marekani, kwa mshahara wa karibu dola 900,000, na alijiuzulu tu baada ya ripoti kutoka. Uchunguzi wa utumishi wa umma ulikuta watumishi 12 wamekiuka maadili mara 97, na wengi walikuwa wameshaondoka au kustaafu, hawana wa kuwakata hata senti. Tume mpya ya kupambana na rushwa ilipopelekewa majina sita, Juni 2024 ilisema haitachunguza, na mkaguzi wake akagundua kwamba kamishna Paul Brereton hakujitenga ipasavyo na uamuzi huo ingawa alikuwa na uhusiano wa kikazi na mmoja wa watajwa. Ni baada ya aibu hiyo, Februari 2025, ndipo ikakubali kuchunguza.

Msiniambie hili ni la chama kimoja. Serikali ya Labor iliunda Tume, na kwa hilo naipongeza. Lakini Holmes alimalizia ripoti yake kwa kusema kwamba kifungu cha 34 cha sheria ya uhuru wa habari, kinachoficha nyaraka za Baraza la Mawaziri, kifutwe, maana chini ya kivuli chake ndiko mpango huu ulikojificha. Novemba 2023 serikali hiyo hiyo ya Labor, chini ya Anthony Albanese, ilijibu kwamba mapendekezo mengine inayakubali yote au kimsingi, na hilo la kufungua nyaraka ikalikataa.