Hivi Disney kaiharibu nani? Iger, Chapek au waandishi wanaowapamba?

Sakina Boy
Wakuu habari za jioni. Najua wengi mtasema hii mada haituhusu ila humu kuna watu tumekua na deki na kanda za katuni, na kuna wengine wanalisha familia kwa watalii, kwa hiyo inatuhusu tu mtake msitake. Vyombo vya habari vya Marekani vimemgeuza Bob Iger malaika. Aliingia ubosi wa Disney 2005 baada ya Michael Eisner, akanunua studio za filamu, Pixar 2006 kwa dola bilioni 7.4, Marvel 2009 kwa bilioni 4, Lucasfilm 2012 kwa bilioni 4 na kidogo, afu 2019 akaibeba Fox kwa bilioni 71. Februari 2020 akampa Bob Chapek kiti, mwezi uliofuata korona ikafunga mapaki yao ya burudani ya Marekani. Novemba 2022 Chapek katimuliwa, Iger karudi, magazeti yakashangilia. Sasa nauliza, mzigo wa Fox aliutia nani? Disney+, ile huduma ya filamu mtandaoni iliyokuwa inakula hasara, aliizindua nani Novemba 2019? Huyo huyo. Chapek aliachiwa sufuria limeshaungua akaambiwa apakue. Na sasa wamempa Josh D'Amaro, naye katokea kwenye mapaki kama Chapek, ngoja tuone naye watampamba mpaka lini. Nawasilisha.

Kibosho Juu
We dogo unamtetea Chapek kweli? Huyo kabla ya kuwa bosi mkuu alikuwa anasimamia mapaki tangu 2015 na ndiye aliyewafundisha kukamua watu. Tiketi ya kukwepa foleni ilikuwa bure kabisa tangu 1999, inaitwa FastPass, Oktoba 2021 kule paki la Florida ikazikwa wakaleta Genie+, dola 15 kwa kichwa kwa siku. Umeshalipa kiingilio getini, unalipa tena usisimame juani. Disneyland ya California inafunguliwa 1955 mtu mzima alikuwa anaingia kwa dola moja, mabembea unalipia mbele ya safari, 2024 siku za msimu kiingilio kikafika dola 206. Familia ya watu watano piga hesabu mwenyewe, hapo hujanunua hata maji.

Msomi wa Unga Ltd
Historia yenu ina mashimo. Eisner mwenyewe hakuondoka kwa hiari, mtoto wa Walt Disney ndiye aliyemchomoa kwa kampeni ya wanahisa, 2003 au 2004 hapo.

Sakina Boy
Siyo mtoto wa Walt mkuu, ni Roy E. Disney, mtoto wa kaka yake Walt. Alijiuzulu kwenye bodi 2003 akaanza kampeni, 2004 wanahisa kama asilimia 43 wakamnyima Eisner kura. Hiyo ndiyo hoja yangu, zamani bosi akiharibu wenye hisa wanasimama. Aprili 2024 mwekezaji Nelson Peltz kajaribu kuingia bodi ya Iger kashindwa, na ukisoma magazeti ya wakati ule Peltz ndiye mbaya, Iger ndiye mlezi wa nyumba.

Mama Abigaili
Kaka zangu mnagombania foleni ya Florida wakati hapa hata hiyo Disney+ yenyewe hawajatuletea. Mi wanangu wanaangalia Disney Junior kwenye king'amuzi, mwezi nikikosa kulipia ni vilio nyumba nzima, huyo Iger simjui na yeye hanijui. Kilichonichoma ni kingine. 2023 walitoa Kizazi Moto, filamu fupi kumi za vijana wa Kiafrika, jina wamechukua Kiswahili chetu, lakini nchi ni sita, Zimbabwe, Uganda, Afrika Kusini, Nigeria, Kenya na Misri. Tanzania hakuna. Jina wanalitaka, watu hawawataki. Mlijadili hilo kwanza.

Kibosho Juu
Mama Abigaili vijana wetu walituma kazi? Tusilaumu mlango wakati hatujagonga.

Mama Abigaili
Wewe ulikuwa pale mlangoni unahesabu waliogonga?

FrontDesk Usa River
Niongezee hapo kwa mama. Mi niko mapokezi ya lodge, kila msimu sikosi mgeni wa Marekani anayeniambia ameshafanya safari ya Kilimanjaro, nikimuuliza njia gani, Marangu au Machame, anasema Orlando, Florida 😂😂. Wana kitu kinaitwa Kilimanjaro Safaris ndani ya Animal Kingdom, paki lao lililofunguliwa 1998. Unapandishwa lori la wazi mnakaa kwenye mabenchi, kuna kijiji wamekijenga kinaitwa Harambe wamekiiga Lamu, kuta wamezichubua makusudi zionekane zimezeeka. Hoteli yao ya pembeni migahawa inaitwa Boma, Jiko na Sanaa. Mgeni mmoja alinionesha video kwenye simu, simba wako juu ya mwamba uliotengenezwa, chini wameweka mambo ya ubaridi ili wapende kulala pale pale watu wawaone, twiga wanatembea mita chache, na dereva ana hadithi yake ya kukariri, zamani ilikuwa ya majangili waliomteka mtoto wa tembo, kila lori hadithi ile ile. Lakini msicheke sana hapa Arusha, madereva wetu wa Chuga ni hao hao. Simba kalala chini ya mgunga tangu asubuhi, mgeni anaambiwa huyu jana usiku kaua dume mwenzake. Nani aliona?

Dereva wa Kreta
Dada wa mapokezi shikamoo yako naitunza kwanza. Mada ya Disney nilikuwa naipita lakini hapo umenigusa. Wewe unakaa kwenye kiyoyozi unagawa funguo na juisi ya karibu, mimi nimeamka saa kumi usiku Karatu niko getini Loduare, geti la Ngorongoro, kabla hapajafunguliwa, nashuka kreta kwa njia ya Seneto na ukungu sioni boneti ya gari, afu unaniambia naongopa? Nikisema dume kapigana nimeona kidonda kibichi puani, nimeona anachechemea, nimeona fisi wamekaa upande ule hawasogei, na nimeongea na wenzangu wanne kwenye redio waliokuwa wametangulia. Hiyo siyo hadithi ya kukariri hiyo ni kazi. Pale Ngoitokitok, sehemu ya kupumzikia ndani ya kreta, nawaambia wageni wasile nje ya gari, mwewe wanashuka hapo, mgeni mkaidi anatoka na paja la kuku, sekunde mbili hana paja na kidole kina mchirizi wa damu, anageuka kuniuliza kwa nini sikumwambia. Huko kwa Disney nani anachukuliwa kuku?

Msomi wa Unga Ltd
Hahahaa dereva punguza hasira. Lakini kusema ukweli kuna mmoja alimwambia bibi wa Kijerumani kwamba simba mmoja ana miaka 35. Nilikuwa gari moja nao, namtafsiria.

Dereva wa Kreta
Kuna madaktari feki pia, mbona hospitali unaenda? Na kama ulikuwa mtafsiri ulitafsiri 35 au ulirekebisha?

Msomi wa Unga Ltd
Nilitafsiri 35. Mi nalipwa kutafsiri.

Kibosho Juu
😂😂😂 Chuga nzima ni hivyo. Ndo maana sisi Moshi tunasema kazi ya heshima ni mlima. Mlima huwezi kuuongopea, mgeni anapanda kwa miguu yake, mpagazi anabeba kilo zake 20, Uhuru iko mita 5,895 hakuna cha redio wala stori. Ukifika umefika.

Dereva wa Kreta
Mangi acha hizo. Mlima upo kwenu, wageni wanaletwa na ofisi za Arusha, mnasubiri kupigiwa simu. Na stori za mlimani tunazijua, mgeni katapika kapandishwa haraka siku tano kwa sababu bosi anabana gharama, mnamwambia pole pole utazoea. Mwanafamilia wangu alipanda na kampuni moja ya mjini kwenu, wapagazi watatu wakaachiwa mzigo wa watu watano na malipo wakaambiwa wasubiri tipu. Heshima gani hiyo.

Kibosho Juu
Kampuni moja siyo Moshi nzima.

FrontDesk Usa River
Kumbe dereva mmoja pia siyo Chuga nzima eh? Niliyemsema mi alikuwa mmoja 😏

Dereva wa Kreta
Uliandika "madereva wetu wa Chuga ni hao hao". Rudi juu usome ulichoandika.

Sakina Boy
Jamani turudi kwenye mada naomba. Nimezungumzia vyombo vya habari hakuna aliyegusa. 2017 Los Angeles Times waliandika jinsi Disney inavyonufaika na mji wa Anaheim, ilipo Disneyland, ruzuku na mambo ya kodi, Disney wakawazuia waandishi wa gazeti hilo kuona filamu kabla hazijatoka. Vyama vya wahakiki vikasema basi hata filamu zenu hatuziweki kwenye tuzo, ndani ya siku chache Disney wakaachia. Bosi alikuwa nani? Iger! Na televisheni ya ABC ni yao wenyewe, Desemba 2024 wakakubali kutoa dola milioni 15 kumaliza kesi ya Trump, Septemba 2025 wakamtoa hewani mchekeshaji wao Jimmy Kimmel siku kadhaa, mashabiki wakakata vifurushi wakamrudisha. Mkubwa wa chombo cha habari akiwa ndiye mwenye paki, habari ya paki ataiandika nani? Na mayutuba wanaalikwa bure siku ya ufunguzi, wanapewa chumba na chakula, afu wanatuambia foleni siyo mbaya.

Mama Abigaili
Hapo kwa mayutuba umesema. Na huku kwetu je? Mtu maarufu akipelekwa hifadhini bure picha mia mbili, hakuna hata moja ya bei.

Msomi wa Unga Ltd
Sakina Boy unamchukia Iger binafsi au ulinunua hisa ikashuka?

Sakina Boy
Sina hisa hata moja mkuu. Nina maoni.

Kibosho Juu
Mi naona mnasahau kitu, mapaki na meli zao ndo zinaleta zaidi ya nusu ya faida ya uendeshaji, ndo maana 2023 walitangaza dola bilioni 60 kwa miaka kumi kwenye upande huo. Filamu zikianguka mwenye mtoto Florida ndo analipia hasara. Kwa hiyo awe Chapek awe Iger awe D'Amaro bei itapanda tu, bosi hana maana hapo. Sawa na hapa, mgeni mlimani analipa dola 70 kwa siku ya hifadhi tu bila VAT, hajalipa kambi wala uokoaji.

FrontDesk Usa River
Umetoka kwenye Iger ni mkombozi sasa bosi hana maana 😂

Kibosho Juu
Sikusema mkombozi nilisema Chapek ni mkamuaji. Soma.

Mama Abigaili
Subirini, hapo kwenye bei ndo penye maana. Hao Disney wanawakamua wenzao wa huko huko. Sisi kreta ni saa tatu, nne kwa gari kutoka hapa Arusha, mimi nimezaliwa hospitali ya Mount Meru sijawahi kushuka, wanangu wamemjua nyumbu kwenye katuni. Dereva niambie ukweli bila stori, Mtanzania analipa ngapi?

Dereva wa Kreta
Kiingilio kwa Mtanzania hakitishi mama, ni elfu kumi na VAT yake, watoto wanapunguziwa. Kinachoua ni gari. Kwa wageni kushuka tu gari moja ni dola 250 hujaweka VAT, ndo maana makampuni yote yamejipanga kwa mzungu. Gari la kawaida halishuki, lazima la kupanda milima, mafuta, dereva, chakula. Mkiwa saba mkachanga inawezekana, mkiwa watatu mtaumia.

Mama Abigaili
Sasa hayo ndo ya kuandikia mada. Nchi imejaa watu hawajaona tembo wanabishana nani bosi wa Mickey.

Sakina Boy
Mama mada ilikuwa uongozi wa kampuni...

Msomi wa Unga Ltd
Uongozi wa kampuni umeshafukuzwa humu dogo, zamani sana, tangu kwenye paja la kuku.

Mama Abigaili
Dereva, Desemba shule zikifungwa nikipata wamama watano na watoto unatuchukua? Mi nitapika mwenyewe, usituwekee zile boksi zenu za yai na kipande cha keki.

Dereva wa Kreta
Nawachukua mama, tuongee pembeni, tukipata tarehe isiyo na wageni bosi wangu anatoa gari kwa bei ya mafuta na dereva. Pilau leteni ila mtakula ndani ya gari, vioo vimepanda. Na yule dada wa mapokezi akitaka kiti nafasi hamna.

FrontDesk Usa River
Mi sipandi gari la simba wa miaka 35.

Dereva wa Kreta
SIYO MIMI NILIYESEMA 35!!