Je, kutumia kompyuta na simu kwa miaka mingi zaidi kunawasaidia kweli watu wa machimboni?

MwalimuMbeya aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Mbeya, na shule yetu iko kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Malori yanayopita hapa kuelekea bandari ya Dar es Salaam hubeba shaba na kobalti kutoka kusini mwa Kongo, na kobalti hiyo huturudia baadaye ikiwa ndani ya betri za simu na kompyuta mpakato.

Bodi ya shule imependekeza tuondoe kompyuta zote za maabara, kwa hoja kwamba zimekuwa nzito, yaani zinafanya kazi polepole, na kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Nilipinga. Nilisema kwamba kila mashine mpya inachimbiwa ardhi na watu ambao hatuwaoni, na kwamba kama hizi zinaweza kutengenezwa, ni wajibu wetu kuzitengeneza kwanza. Mjumbe mmoja alinijibu kwamba hakuna mgodi utakaofungwa kwa sababu shule moja ya Mbeya haikununua kompyuta, tena kwamba ukiacha kununua unamnyima mchimbaji mdogo riziki yake. Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Naomba wenye kuyajua machimbo waniambie kama hoja yangu ina uzito, na mafundi waniambie kama mashine hizo zina maisha bado.

MwanaKivu alijibu:

Mwalimu, asante kwa kuuliza, maana ni wachache wanaouliza. Nimezaliwa Bukavu na sasa naishi Kigoma.

Kwanza nikueleze kinachotangulia kompyuta. Katika vilima vya Rubaya, huko Masisi, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, wanaume huchimba udongo kwa sururu na koleo, kisha huupeleka kwenye mifereji iliyochongwa ubavuni mwa mlima na kupitisha maji juu yake. Tope jepesi huchukuliwa na maji, na koltani, kwa kuwa ni nzito, hubaki chini kama mchanga wenye weusi. Mchanga huo hutiwa kwenye magunia yanayoshushwa mlimani kwa mgongo, na ndani yake ndimo inamotoka tantali, metali ya kutengenezea kapasita, vile vifaa vidogo vya kutunza umeme vilivyopangwa kwenye bodi za simu na kompyuta nyingi. Mvua ikizidi, mlima hukatika na kufunika watu. Mwishoni mwa Aprili 2024 kundi la waasi la M23 liliteka eneo hilo, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwaka huohuo kwamba lilikuwa likikusanya kodi ya takriban dola 800,000 kwa mwezi kutokana na koltani. Kwa hiyo mahitaji ya dunia si jambo la mbali kwetu. Bei ikipanda sokoni, aliyeshika mlima hupata nguvu.

Hata hivyo, mjumbe wenu amegusa jambo la kweli, na mtu wa Kivu hawezi kulipuuza. Septemba 2010 Joseph Kabila, aliyekuwa Rais wa Kongo, alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na amri hiyo ilidumu hadi Machi 2011. Nia ilikuwa kuwakatia mapato wenye silaha. Walioumia haraka zaidi ni wachimbaji, wabebaji, akina mama wauza chakula machimboni, na watoto waliokosa karo, ilhali magendo hayakukoma. Ndiyo maana ninapinga kila anayesema tususie madini ya Kongo kwa mkupuo mmoja.

Lakini kutengeneza kompyuta zenu si kususia. Mnayapunguza mahitaji polepole, na polepole hiyo ina maana, kwa sababu pupa ndiyo inayowafanya watu wachimbe mahali pasipofaa kabisa. Mjini Kolwezi, kusini mwa Kongo, katika mtaa wa Kasulo, watu waligundua mwaka 2014 kwamba kobalti iko chini ya nyumba zao, na mashimo yakachimbwa uani na hata ndani ya vyumba. Sitakwambia kwamba kompyuta moja iliyofufuliwa Mbeya humwokoa mtu mmoja Kasulo. Ninachokwambia ni kwamba madini yaliyomo ndani ya mashine zenu yamekwisha kulipiwa kwa jasho, na mara nyingine kwa damu, na kuyatupa yakiwa bado yanafanya kazi ni kumdharau aliyeyatoa. Riziki ya mchimbaji itetewe kwa njia yake: bei ya haki, mashimo yenye nguzo, maeneo halali ya kuchimbia. Sisi wenyewe hatujawahi kuomba mtununulie kompyuta msizozihitaji.

FundiKariakoo alijibu:

Mwalimu, nimefanya kazi ya kutengeneza kompyuta na simu kwa miaka mingi, na ninavyoona bodi yenu imeletewa hoja mbili zilizochanganywa. Uzito wa mashine ni jambo moja. Kuisha kwa huduma ya Windows 10 ni jambo jingine.

Kuhusu uzito, fungua moja uone. Kama ndani yake kuna diski ya zamani ya kuzunguka, hapo ndipo ugonjwa ulipo mara nyingi. Ondoa diski hiyo, weka ya SSD, yaani isiyo na kitu kinachozunguka, ongeza RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kama nafasi ipo, na mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka itawaka upesi kiasi cha kuwashangaza wanafunzi. Kisha safisha feni. Katika shule za kando ya barabara vumbi hujaa kwenye mapezi ya kipoozeo mpaka likawa kama blanketi. Prosesa hupata moto, nayo hujipunguzia kasi ili isiungue, na mtumiaji hudhani imezeeka. Piga vumbi kwa hewa huku umeizuia feni isizunguke, futa pesti ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa, paka mpya. Kazi hii anaweza kuifundishwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, na kwa maoni yangu ni somo zuri kuliko mengi tunayowafundisha kuhusu kompyuta.

Kuhusu Windows, mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11 ingawa vifaa vyake ni vizima. Weka Linux Mint au Ubuntu, ambayo ni mifumo ya kuendeshea kompyuta badala ya Windows, pamoja na LibreOffice ya kuandikia na kufanyia mahesabu. Zote ni za bure na zinapata masasisho ya usalama. Kama mtaala au mitihani yenu inahitaji programu fulani ya Windows, acheni mashine chache mpya kwa kazi hiyo, zilizobaki ziendelee.

Kwa simu zenu binafsi, kinachokufa kwanza ni betri, na betri huuawa na joto pamoja na kukaa imejaa asilimia 100 kwa muda mrefu. Usiiache juani kwenye dashibodi, wala chini ya mto ikichaji. Ikichoka, badilisha betri, usibadilishe simu. Tatizo letu kubwa ni betri feki. Nunua kwa muuzaji anayekubali kuirudisha.

HesabuKwanza alijibu:

Naongeza machache. Mtu anayebadilisha kifaa kila baada ya miaka mitatu atatumia vinne katika miaka 12. Akikitunza hadi miaka minne, atatumia vitatu. Mwaka mmoja wa ziada umepunguza robo ya vifaa vilivyopaswa kuchimbiwa, bila mtu kukosa kazi ghafla.

Msitegemee sana jibu la kwamba vya zamani vitarejelewa kiwandani. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelewa ipasavyo. Hata hizo zinapoyeyushwa, tanuri hutafuta dhahabu na shaba. Tantali ile aliyoieleza MwanaKivu huishia kwenye mabaki yanayotupwa. Ikishatoka mlimani, mahali pake pa manufaa ni ndani ya mashine inayofanya kazi.

Na bodi ikifika siku ya kununua, iweke masharti kwenye zabuni. Tangu 20 Juni 2025 Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji na waingizaji wa simu kutoa masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya modeli kuacha kuuzwa, na vipuri kwa miaka saba. Kampuni hizohizo ndizo zinazotuuzia sisi. Shule, halmashauri na benki zikiuliza vipuri kabla ya bei, muuzaji atalazimika kuwa na jibu.

MwalimuMbeya alijibu:

Nawashukuru nyote. Nitaiomba bodi iniruhusu kuanza na mashine chache kabla ya uamuzi, na maelezo ya MwanaKivu kuhusu 2010 nitayasoma mbele ya kikao. Fundi, swali la mwisho: kuna kompyuta mpakato mbili ambazo betri zake zimevimba hadi kibodi imeinuka. Nazo tuziokoe?

FundiKariakoo alijibu:

Mashine ziokoe, betri hapana. Zizime leo, usizichaji tena, wala mtu asijaribu kuitoboa au kuikandamiza betri ili irudi, kwa sababu inaweza kulipuka moto. Fundi azitoe taratibu bila bisibisi ya kuchokonolea, ziwekwe kwenye ndoo yenye mchanga mkavu, nje, mbali na madarasa, na zisichanganywe na takataka za kawaida wala kuchomwa. Kompyuta zenyewe zitawaka kwa umeme wa ukutani bila betri, ila baadhi ya modeli hukataa. Jaribu kabla ya kununua betri mpya.