Python imekubali kujenga ila pip inagoma

zabibu_dom: Wakuu habari za mchana, niko hapa Nkuhungu na kalaptopu kangu ka Ubuntu, nimeshusha sosi kodi ya Python (lugha ya programu) niijenge mwenyewe, nikapiga ./configure (kuandaa) na make (kujenga) ikaisha freshi tu ila nikigusa pip, ile ya kushusha vifurushi vya Python, inalia moduli ya ssl (ya mawasiliano salama ya mtandao) haipo, nimekosea wapi?

fundi_kodi: Hukuweka libssl-dev mkuu, kifurushi ambacho Python inakihitaji ili kujenga hiyo moduli ya ssl. Kiweke, piga make clean kufuta ulichojenga mwanzo, rudia ./configure na make. Mwisho sudo make altinstall, inaiweka kando kwa jina lenye namba ya toleo; usithubutu make install, utaifunika python3 ya sistimu.

zabibu_dom: Mbona saa zima bado inasaga, feni inalia kama mashine ya unga 😅

kibaigwa_boy: Umeweka --enable-optimizations kwenye ./configure eti? Hiyo inajenga, inajipima, inajenga tena ili Python iwe na kasi. Tumia make -j4 ifanye kazi nne kwa mpigo, ukanywe chai.

zabibu_dom: Imekubaliii, pip inashusha.