Tupeane uzoefu: sileji (majani ya mifugo yaliyokatwa, kushindiliwa na kuchachushwa bila hewa) ya majani ya tembo, nani imemtoka vizuri?

Naanza mimi. Mara ya kwanza nilikata majani yamejaa maji nikashindilia siku hiyohiyo, nikajua ndo yatachacha haraka. Kufungua baada ya mwezi, harufu kama siagi iliyooza, chini maji meusi yanachuruzika, ng'ombe wananusa wanageuza shingo. Kumbe majani yetu haya sukari yake ndogo, bakteria wazuri wa kutengeneza asidi wanakosa chakula, wale wabaya wanajipigia sherehe na unyevu. Semeni na nyie.

#2
Pole mkuu, hapo nimepita. Siku hizi nakata umande ukishakauka, nayaacha yanyauke mpaka kesho yake ndo naingiza kwenye mashine. Kipimo changu mkono tu, nafinya bonge kwa nguvu kisha naachia, maji yakichuruzika bado mabichi, likifunguka taratibu bila maji hapo freshi, likisambaa papo hapo ushachelewa hayo hayashindiliki tena. Kuongeza ile sukari naweka molasi (ule uji mzito mtamu wa miwa) kilo 3 hadi 5 kwa kila kilo 100 za majani, ilainishe na maji kidogo tu, mi kuna siku niliizimua kama juisi ya harusi nikarudishia maji yote niliyoyatoa juani 😂

#3
Na mvua je? Mnaongelea jua tu. Mi msimu wa mvua nachanganya pumba za mahindi, zinanyonya maji, si mbaya.

#4
Kosa langu ilikua tamaa. Nilisubiri yarefuke nipate mzigo mkubwa, yakanipita kichwa, mashina magumu kama muwa, nikakatakata vipande virefu, tukakanyaga mpaka magoti yakauma lakini hewa ikabaki humo humo. Ukungu mweupe kila mahali. Sasa yakifika kama mita moja nakata, vipande sentimita 2 au 3, napanga tabaka nyembamba na kila tabaka linakanyagwa kabla ya lingine. Mzigo unapungua ila ng'ombe wanalamba mpaka sakafu.

#5
Mi yote hayo nilifanya sawa, panya wakatoboa mfuko wa sileji, ukungu ukaingia.

#2
@5 daah. Ile sehemu ya ukungu tupa usionee huruma, hata mbuzi usimpe. Ulikua umeiweka chini au juu ya mbao?

#5
Chini mkuu 😔