Mgao wa Kwaresima kwa wazee wanaoishi peke yao

Katibu wa jumuiya, Manzese: Tumsifu Yesu Kristo. Tuna sembe, maharage na mafuta ya wazee 12. Tugaweje?

Mama Karitasi: Milele amina. Maharage makavu yanakula mkaa. Asiye nao atayaweka mpaka yabunguliwe. Ongezeni mkaa, au mpeni dagaa, wanaiva upesi. Kila mmoja sembe kilo 5, mafuta nusu lita, chumvi, kipande cha sabuni. Mafuta yafungwe mbali na unga: kifuniko kikilegea, sembe yote imekwisha.

Mzee wa Kigango: Orodha msiitoe kanisani tu. Aliyelala kitandani haonekani misani. Mjumbe wa shina anamjua. Nendeni wawili wawili, mmoja amchotee maji. Na jamani, msimpige picha.