Ramani ya vifo vya saratani ya mapafu Marekani: kwa nini Kentucky iko juu na Utah iko chini?

Mama Neema (Louisville, Kentucky) anauliza:

Ndugu wanajamvi, salaam. Familia yangu ilihamishiwa Louisville kutoka kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na kama wengi mnavyojua, Wakongo tulioletwa katika jimbo hili si haba. Mwanangu aliye sekondari alipewa katika somo la afya ramani ya Marekani inayoonyesha vifo vya saratani ya mapafu kwa kila watu 100,000, jimbo kwa jimbo. Kentucky imekolezwa rangi kupita karibu majimbo yote na Utah ndiyo yenye rangi hafifu kabisa. Mwalimu aliwaambia kwamba kiwango cha Kentucky ni karibu mara tatu ya kile cha Utah.

Naomba kueleweshwa mambo mawili. Kwanza, je, tatizo ni hewa au maji ya huku, na mtu asiyevuta sigara anajiweka hatarini kwa kuishi hapa tu? Nauliza kwa sababu baadhi ya jamaa zetu wameanza kuzungumzia kuhama. Pili, kwenye ramani ya dunia ambayo mwanangu aliitafuta mwenyewe, Kongo na Tanzania zimetiwa rangi hafifu, wakati mama mkwe wangu amepikia kuni maisha yake yote na anakohoa kila asubuhi. Je, rangi ile hafifu ina maana kwamba moshi wa kuni hauna neno?

Mtakwimu wa Afya (Dar es Salaam) anajibu:

Mama Neema, shikamoo. Niseme kwanza namna ramani hizi zinavyotengenezwa. Viwango hivi husawazishwa kwa umri, yaani vifo hukokotolewa kana kwamba kila jimbo lina mchanganyiko uleule wa vijana na wazee. Bila kufanya hivyo, Utah ingeonekana salama kwa sababu tu wakazi wake wengi ni vijana. Kwa hiyo tofauti aliyoiona mwanao haiwezi kuelezwa kwa umri. Sehemu yake kubwa kabisa inatokana na sigara, tena si sigara zinazovutwa leo, bali zile zilizovutwa miaka 20 hadi 40 iliyopita, kwa kuwa seli za pafu huharibika kidogo kidogo na saratani huchukua miongo kadhaa kujitokeza.

Huko Utah, idadi kubwa ya watu ni waumini wa kanisa la Wamormoni, ambalo tangu mwaka 1833 lina fundisho linalokataza tumbaku, na fundisho hilo limekuwa likishikwa kwa nguvu zaidi kadiri miaka ilivyopita. Kentucky imekuwa kinyume chake, kwani tumbaku ndiyo iliyolipa karo za shule na kujenga nyumba za wakulima kwa vizazi vingi. Watu walioanza kuvuta wakiwa na miaka 15 au 16 katika miaka ya 1970 ndio hao tunaowahesabu sasa katika takwimu za vifo.

Wapo wanaotilia shaka muda huo mrefu, nami huwaelekeza kwenye mji wa Antofagasta, kaskazini mwa Chile. Kuanzia mwaka 1958 mji huo ulianza kutumia maji ya mto yenye aseniki nyingi sana, sumu ambayo nayo huleta saratani ya mapafu, hadi ulipojengwa mtambo wa kuyasafisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Maji yalisafishwa, lakini vifo vya saratani ya mapafu viliendelea kupanda kwa zaidi ya miaka 15 baada ya hapo. Aliyetazama takwimu za mji ule katika miaka ya 1980 bila kuijua historia yake angewalaumu wasiohusika.

Kwa hiyo jamaa zako wasihame kwa sababu ya ramani. Rangi ya jimbo ni wastani wa maisha waliyoishi watu wengine, wala haimwambukizi anayehamia. Mkongomani asiyevuta sigara anayeishi Louisville yuko karibu zaidi na hali ya mtu wa Utah asiyevuta kuliko na ya jirani yake aliyevuta pakiti moja kwa siku kwa miaka 30.

Kuhusu kwetu, rangi hafifu ya ramani ya dunia ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Ni kweli kwamba uvutaji wa sigara, hasa kwa wanawake, umekuwa mdogo Afrika Mashariki na Kati kuliko Ulaya, Marekani au China. Lakini pia ni kweli kwamba saratani isiyopimwa haihesabiwi. Sajili ya saratani ya Kampala ilianzishwa miaka ya 1950 na bado ni miongoni mwa chache barani zenye kumbukumbu za muda mrefu, ilhali maeneo makubwa ya Kongo hayana sajili yoyote ya kuaminika. Mtu anayekohoa damu kijijini huanzishiwa dawa za kifua kikuu, na akifa huzikwa bila kipande cha pafu lake kupimwa maabara. Takwimu nyingi za nchi zetu zinazochapishwa ni makadirio yanayojengwa kutokana na sajili za jirani.

Na moshi una neno, tena kubwa. Katika wilaya ya Xuanwei, mkoa wa Yunnan nchini China, wanawake ambao karibu wote hawakuwa wakivuta sigara walikuwa na vifo vya saratani ya mapafu vilivyo miongoni mwa vya juu zaidi nchini humo. Walikuwa wakipika ndani ya nyumba kwa makaa ya mawe yenye moshi mzito, kwenye mashimo ya moto yasiyo na dohani. Kaya zilipobadili na kutumia majiko yenye dohani, hatari hiyo ilipungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeuweka moshi wa makaa ya mawe majumbani kwenye kundi la visababishi vilivyothibitika, na moshi wa kuni kwenye kundi la vile vinavyoelekea kusababisha saratani. Kuni si sawa na makaa ya Xuanwei, lakini mama mkwe wako anayekohoa kila siku anastahili kuonwa na daktari, kwa sababu moshi huleta pia magonjwa mengine ya mapafu yanayotibika.

Muuguzi Lexington anajibu:

Dada yangu, nakaa mwendo wa saa moja na nusu tu kutoka kwenu, na nafanya kazi ya uuguzi katika wodi ya kifua, hivyo nakubaliana na mtaalamu aliyetangulia. Ila ningependa kuongeza yale ambayo mtu huyaona akiwa hapahapa.

Ukitoka mjini kwa barabara za vijijini utayaona mabani ya tumbaku, yaani mabanda ya kukaushia majani yake, marefu, mengi yamepakwa rangi nyeusi, yenye mbao za ubavuni zinazofunguka ili hewa ipite katikati ya majani yaliyotundikwa. Hapa hulimwa zaidi tumbaku ya burley, ambayo hukaushwa kwa hewa bila moto. Mengi ya mabani hayo sasa yamelala, kwani mpango wa serikali wa mgao wa kilimo cha tumbaku uliodumu tangu miaka ya 1930 ulifutwa mwaka 2004. Lakini tazama kilichofanyika kwa muda wote huo: hadi mwaka 2005 kodi ya pakiti moja ya sigara katika jimbo hili ilikuwa senti 3 tu. Ilipandishwa hadi senti 30, baadaye senti 60, na mwaka 2018 ikafika dola 1 na senti 10. Lexington ilipiga marufuku uvutaji katika baa, mikahawa na maeneo mengine ya umma mwaka 2004, Louisville ikakamilisha yake mwaka 2007, ila jimbo zima halijapitisha sheria ya namna hiyo. Hata ndani ya Kentucky mzigo haulingani. Kaunti za mashariki, kwenye milima ya Appalachia, ndizo zinazoumia zaidi, na huko sigara imekutana na umaskini, vumbi la machimbo ya makaa ya mawe na umbali mrefu wa kumfikia daktari.

Jambo moja ambalo kwa kweli linahusu mahali unapoishi ni gesi ya radoni. Haina rangi wala harufu, hutoka ardhini pale urani, madini yenye mionzi, inapovunjikavunjika katika udongo na miamba, na sehemu kubwa ya Kentucky imekaa juu ya mawe ya chokaa yenye nyufa na mapango ambayo gesi hiyo hupenyea. Mamlaka ya mazingira ya Marekani inakadiria kwamba radoni huchangia vifo 21,000 vya saratani ya mapafu kila mwaka nchini, na takriban 2,900 kati ya hivyo ni vya watu ambao hawakuwahi kuvuta. Nalitaja hili kwa msisitizo kwa sababu familia zetu ni kubwa, nyumba ni ndogo, na mara nyingi watoto hulazwa chumba cha chini ya ardhi, yaani besimenti, mahali ambapo gesi hiyo hujikusanya zaidi.

Kwa jamaa wanaovuta au waliowahi kuvuta, kuna uchunguzi wa kipimo cha CT, yaani picha za ndani ya kifua, cha mionzi kidogo. Utafiti mkubwa uliowashirikisha watu zaidi ya 53,000 na kutoa matokeo mwaka 2011 ulionyesha kwamba kipimo hicho, kikilinganishwa na eksirei ya kawaida, kilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20. Mwongozo wa mwaka 2021 unawahusu watu wa miaka 50 hadi 80 waliovuta kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, au mbili kwa siku kwa miaka 10, na ambao bado wanavuta au wameacha ndani ya miaka 15. Kentucky imo miongoni mwa majimbo yanayoongoza kwa kuwafikia watu hawa. Ila kwa watu wetu naomba jambo moja: aliyewahi kuugua kifua kikuu amweleze daktari kabla ya kipimo, kwa sababu makovu ya kifua kikuu kwenye picha yanaweza kufanana na uvimbe, na nimeona watu wakiishi kwa hofu wakisubiri majibu yaliyokuja kuonyesha kovu la zamani tu.

Ba Samweli (Minneapolis) anajibu:

Nawashukuru wote, lakini vifo hivi vimekuwa vikipungua Marekani, na naona sifa yote ya kupungua huko hupewa kuacha sigara. Baba yangu mdogo alipata saratani ya mapafu bila kuwahi kuvuta, na amekuwa akiishi kwa vidonge vinavyolenga badiliko la jeni ndani ya uvimbe. Miaka 20 iliyopita angeishi miezi michache tu. Je, si dawa hizi zilizoteremsha takwimu?

Mtakwimu wa Afya anajibu:

Ba Samweli, pole kwa kuuguza, na Mungu amzidishie siha mzee. Dawa zimechangia, na mchango wake unapimika: kuanzia mwaka 2013 hivi, vifo vya aina iliyo ya kawaida zaidi ya saratani hii vilianza kushuka kwa kasi kuliko wagonjwa wapya wanavyopungua, na hilo haliwezi kuelezwa na kuacha sigara peke yake. Hata hivyo, kwa wanaume wa Marekani vifo vilifika kileleni mwaka 1990 na kuanza kushuka papo hapo, yaani zaidi ya miaka 10 kabla ya vidonge hivyo kuwepo. Onyo la Mkuu wa Huduma za Afya wa Marekani, Daktari Luther Terry, kuhusu madhara ya sigara lilitolewa Januari 1964, wakati ambapo zaidi ya watu wazima 4 kati ya 10 walikuwa wanavuta. Uvutaji ukaanza kupungua, na robo karne baadaye vifo vikafuata. Kwa wanaume vimeshuka kwa zaidi ya nusu tangu mwaka 1990.

Wanawake walianza kuvuta kwa wingi baadaye, hivyo kilele chao kilikuja karibu na mwanzo wa karne hii, na kushuka kwao kumekuwa kwa taratibu zaidi. Tena katika baadhi ya kaunti za Appalachia na za kati ya nchi, vifo vya wanawake viliendelea kupanda wakati nchi nzima ilikuwa inashuka. California, kwa upande wake, ilipandisha kodi kwa senti 25 kufuatia kura ya wananchi ya mwaka 1988, ikatumia sehemu ya fedha hizo kwa kampeni za kuwaachisha watu sigara, na vifo vyake vikashuka kwa kasi kuliko sehemu nyingine ya nchi. Wasiwasi wangu kuhusu dawa ni kwamba humfikia kwanza mtu aliye karibu na hospitali kubwa na mwenye bima nzuri. Zisipofika milimani kule mashariki mwa Kentucky, zitapunguza vifo vya nchi na papo hapo kupanua pengo kati ya sehemu na sehemu.

Mama Neema anauliza tena:

Asanteni sana, nimeelewa, na nimewasomea jamaa majibu yenu. Swali la mwisho kwa muuguzi: sisi tunapanga, nyumba si yetu, na watoto wawili wanalala besimenti. Radoni hupimwaje, na ikionekana ipo tunafanya nini?

Muuguzi Lexington anajibu:

Dada, baadhi ya idara za afya za kaunti hutoa kipimo bure au kwa bei ndogo, hivyo piga simu ya idara yenu kwanza. Ni kijipakiti chenye mkaa maalumu. Funga madirisha kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza na uyaache yamefungwa hadi mwisho, isipokuwa kupita mlangoni kwa kawaida. Kiweke katika chumba wanacholala watoto, kiasi cha sentimita 50 au zaidi kutoka sakafuni, mbali na feni, dirisha na unyevu. Baada ya siku chache, kama maelekezo yake yatakavyosema, kifunge na ukitume maabara siku hiyohiyo, kwa sababu kikicheleweshwa majibu huharibika.

Majibu yakifika pikokyuri 4 (kizio cha kupimia mionzi) kwa lita ya hewa au zaidi, rudia kipimo kuthibitisha, kisha mpe mwenye nyumba nakala ya majibu kwa maandishi na ubaki na yako. Tiba yake ni bomba linalopitishwa chini ya sakafu na feni inayoivuta gesi hadi juu ya paa, na kazi hiyo hufanywa na fundi mwenye leseni. Wakati mnasubiri, wahamishieni watoto chumba cha juu, hata kama itabidi mbanane, na asiwepo mgeni anayevuta sigara ndani ya nyumba, kwa sababu radoni na moshi wa sigara vikikutana katika pafu moja, madhara yake huzidi kwa mbali ya kila kimoja peke yake.